Binti aliyekuja kliniki mara tatu: kisa cha sera ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi

Jina la nchi, la wilaya, la zahanati na ya watu wote nimeyaondoa. Tarakimu za wilaya nazo nimeziacha kwa makusudi, kwa sababu anayeifahamu mifumo ya taarifa za chanjo angeitambua wilaya kwa tarakimu tu. Tarakimu zilizobaki humu ni za dunia.

Mandharinyuma

Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa karibu mara zote na maambukizi ya muda mrefu ya virusi vya HPV, ambavyo huambukizwa hasa kwa kujamiiana. Mwaka 2022 iliua wanawake wapatao 350,000 duniani, na asilimia 94 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Chanjo ipo tangu 2006. Msichana akiipata kabla hajakutana na virusi, anakingwa na ugonjwa ambao kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kujitokeza. Kwa mwanamke anayeishi na VVU bila matibabu, miaka 5 hadi 10 inatosha.

Novemba 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizindua mkakati wa kuitokomeza saratani hii, ambao watu wa chanjo huuita 90-70-90. Ifikapo 2030, asilimia 90 ya wasichana wawe wamekamilisha chanjo wakifika miaka 15. Asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika wakifika miaka 35 na tena wakifika 45. Na asilimia 90 ya watakaokutwa na tatizo watibiwe. Desemba 2022 shirika hilo likatamka kwamba dozi moja inaweza kutumika badala ya mbili kwa wasichana na wanawake vijana wa miaka 9 hadi 20 wenye kinga nzuri ya mwili. Sehemu ya ushahidi huo ilitoka Kenya, ambako utafiti ulionesha kwamba dozi moja ilizuia maambukizi ya HPV ya aina ya 16 na ya 18, zile zinazoleta sehemu kubwa ya saratani hii, kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18 ya mwanzo.

Nchi ya kisa hiki ilikuwa na sera nzuri. Nasema hivyo bila kusita. Sera ilitamka "wasichana wote wenye umri wa miaka 9 hadi 14", nchi ilikuwa imeridhia Itifaki ya Maputo ya 2003, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, ambao ibara yake ya 14 inaitaka serikali iwafikishie wanawake huduma za afya, hasa wa vijijini, na dozi zilikuwepo. Mwongozo wa utekelezaji ukaichukua kauli ile ya sera na kuongeza maneno mawili: "kupitia shule".

Sababu za kupitia shule ni za msingi, na sina ugomvi nazo. Rwanda ilipoanza 2011 ilitumia shule na ikafika mbali sana. Shuleni unapata wasichana wengi asubuhi moja, wamekaa, majina yao yameandikwa, na mwalimu anawajua. Hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote kwa nchi yenye wauguzi wachache. Shida inaanza pale mabinti wa nje ya darasa wanapopotea kwenye maandishi.

Tulichokikuta zahanati

Ilikuwa ziara ya kawaida ya usimamizi shirikishi. Nilikaa kando ya meza ya muuguzi nikipitia kadi za kliniki za watoto na kulinganisha tarehe zake na rejista. Kwenye benchi alikuwepo binti amempakata mtoto wa miezi mitatu na ushee. Sketi aliyovaa ilikuwa ya sare ya shule, imepauka, na pindo lake limefumuliwa ili irefuke kidogo. Mstari wa kukunjia wa zamani bado ulionekana, bluu iliyokoza kuliko kitambaa kingine.

Kadi ya mtoto ilikuwa safi ajabu. Wiki ya 6, alikuja. Wiki ya 10, alikuja. Siku ile ilikuwa ya wiki ya 14, na amekuja tena, tarehe ileile aliyoandikiwa. Wauguzi wanajua ugumu wa kumpata mama wa kuja tarehe ileile mara tatu mfululizo.

Muuguzi alifungua friji kutoa chanjo ya pentavalenti, ile ya watoto wachanga inayokinga magonjwa matano. Kwenye rafu hiyohiyo, kwa kushoto, kulikuwa na maboksi ya chanjo ya HPV.

"Dada, na huyu mama yake ana miaka mingapi?" nikamuuliza.

"Kumi na minne, kaka. Lakini hasomi."

Alinijibu kwa upole, kama mtu anayenikumbusha jambo ninalopaswa kulijua. Nikamwomba anioneshe fomu ya kuhesabia dozi. Safu ya kwanza iliandikwa shule, ya pili darasa, ya tatu jina la mwalimu aliyeshuhudia. Chini yake kulikuwa na mstari wa saini ya mzazi. "Hakuna pa kumwandika," akasema. "Nikimpa, mwisho wa mwezi dozi haitalingana, nitaulizwa imekwenda wapi."

Kunyonyesha hakumzuii mtu kupata chanjo hii. Kuzaa hakumwondoi kwenye umri wa walengwa. Sera ilikuwa inamtaja yeye. Tulimpigia mratibu wa chanjo wa wilaya, naye akasema tusubiri maelekezo ya maandishi. Nilikuwa na mamlaka ya kushauri, sikuwa na ya kuagiza, na binti alikuwa na safari ndefu ya miguu. Tukamwambia atarudi siku nyingine. Akafunga mtoto mgongoni akaondoka. Nimelirudia tukio hilo kichwani mara nyingi kuliko lolote katika kazi hii.

Mtiririko wa matukio

Wiki ile tulikaa na mratibu tukafungua taarifa za wilaya. Kwenye ukuta wa ofisi yake palikuwa na chati, na mstari wa chanjo ya HPV ulikuwa juu kabisa, karibu walengwa wote. Tukauliza walengwa ni akina nani. Ni wasichana walioandikishwa shuleni. Tulipoweka makadirio ya sensa ya wasichana wote wa miaka 9 hadi 14, mstari ukashuka vibaya.

Mratibu alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii tumekuwa tukijisifu." Sikuona haja ya kumjibu. Alikuwa mtu mwaminifu, na chati ile hakuichora kwa nia mbaya. Aliichora kwa fomu aliyopewa.

Hatua ya kwanza tuliyochukua ilikuwa kosa. Tuliwaomba viongozi wa vijiji waandike orodha ya mabinti walio nje ya shule. Fomu tuliitengeneza sisi wenyewe, usiku mmoja, na tukaweka safu ya "sababu". Orodha zikarudi zimejaa maneno kama "ana mimba", "ameolewa", "mtoro". Orodha nyingine zilibandikwa kwenye mbao za matangazo ili wazazi wahakiki. Ndani ya siku chache familia zikaanza kuwahamisha mabinti kwa ndugu, kwa kuwa kumwoza mtoto ni kesi, na orodha yenye mhuri inafanana sana na ya polisi. Tulipofika kijiji cha pili hatukumkuta hata mmoja kati ya walioandikwa.

Wakati huohuo uvumi ukapanda: chanjo inafunga kizazi. Uvumi huo unafahamika karibu kila mahali chanjo hii ilipopelekwa, lakini hapa ulikuwa na mlango wake wa kuingilia, na mlango huo tuliufungua sisi. Wahudumu walikuwa wamefupisha jina. Badala ya kusema "chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi" walisema "chanjo ya kizazi". Mama anaambiwa binti yake, na si kaka yake, anakwenda kuchomwa sindano ya kizazi. Unategemea asikie nini?

Kwenye mwezi wa pili tulisimama. Orodha zote zikakusanywa, zikahesabiwa na kuchomwa mbele ya wenyeviti wa vijiji, na mganga mkuu wa wilaya akawaeleza kwa mdomo wake kwamba zilikuwa kosa la idara. Kisha tukaanza upya, taratibu, hadi wilaya ilipopata nyongeza ya mwongozo iliyosainiwa, miezi minne na kitu baada ya siku ile ya zahanati.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mgumu kuliko yote ulikuwa wa kubadili hesabu ya walengwa. Kitaalamu ni jambo dogo: unatoa namba ya shule, unaweka namba ya umri. Kiutawala ni kukubali kwamba kwenye kikao kijacho cha mkoa wilaya yako itaonekana ya mwisho, huku majirani waliobaki na hesabu ya zamani wakipigiwa makofi. Mganga mkuu aliniuliza swali la haki kabisa: "Nani atanitetea?" Tulichofanya ni kuandaa ripoti yenye mistari miwili, wa walioandikishwa shuleni na wa wote wa umri husika, ili mkoa uone pengo lilipo badala ya kuona wilaya imeporomoka. Alikubali kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu mratibu wake alikataa kurudisha ile chati ukutani.

Jambo la pili lilikuwa saini. Mwongozo ulidai saini ya mzazi, na mabinti wa nje ya shule wengi wanaishi na bibi, shangazi, mume, au mwajiri wa kazi za ndani. Tulimpelekea mwanasheria wa halmashauri swali moja tu: kipengele hiki kimetoka sheria gani? Alitafuta, akarudi na jibu kwamba hakikutoka kwenye sheria wala kanuni. Kiliingia kwa kunakili fomu ya ruhusa ya safari za wanafunzi. Chanjo nyingine zote za watoto hutolewa kwa ridhaa ya mdomo ya mlezi aliyemleta mtoto, baada ya maelezo. Tukashikilia hapo. Yule binti wa kliniki, kwa utaratibu uliokuwepo, alitosha kuridhia sindano tatu za mwanawe, lakini mfumo haukuwa na njia ya kupokea ridhaa ya ile moja ya kwake. Nyongeza ya mwongozo ikasema: maelezo kwanza, ridhaa ya mdomo ya mlezi aliyepo, binti mwenyewe akubali, muuguzi aandike. Kwa binti ambaye ni mama, muuguzi azungumze naye faragha, bila mume wala mkwe.

Fedha zilitaka ubunifu kidogo. Fungu la HPV lilitaja mafuta ya gari ya kwenda shuleni na posho ya walimu tu. Kuomba fungu jipya kungetupeleka mwaka mwingine wa bajeti. Lakini kila zahanati ilikuwa na ratiba ya huduma za mkoba, yaani za kuwafuata watu vijijini, kwa chanjo za watoto wachanga: pikipiki ipo, mafuta yapo, boksi la baridi lipo. Chanjo hii hutunzwa nyuzi 2 hadi 8 kama pentavalenti, na zote mbili haziruhusiwi kuganda. Tukaamua zisafiri pamoja.

Kisha likaja swali moja la kliniki. Muuguzi, akishamaliza na mtoto, amuulize kila aliyemleta: "Nyumbani kwenu kuna binti kuanzia miaka 9 hadi 14?" Na amtazame anayemuuliza, kwa maana huenda binti mwenyewe ndiye huyo aliyekaa mbele yake. Hatukuuliza kama anasoma. Hatukuuliza kwa nini hasomi. Baada ya yaliyotupata kwenye orodha, kila neno la swali lile tulilipima.

Jina nalo likabadilishwa: saratani itangulie, kizazi kifuate. "Chanjo ya kuzuia saratani." Aliyetaka kujua zaidi alielezwa ni saratani ipi. Na kwa swali la kwa nini wasichana tu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii walifundishwa kujibu kwa ukweli: virusi hivi huwapata pia wavulana, ila saratani inayoua zaidi ni ya wasichana, na dozi za kununua zina kikomo.

Matokeo

Katika ziara za kwanza za mkoba baada ya nyongeza kusainiwa, mabinti wa nje ya shule walianza kuandikwa kwenye fomu mpya, ambayo safu yake ya kwanza ni umri. Si wote. Wanaofanya kazi za ndani mjini tuliwapata kidogo mno, kwa kuwa siku ya kliniki ni siku ya kazi, na mwajiri ndiye mwenye ufunguo wa geti. Kundi ambalo hatukulitegemea kabisa ni mabinti wenye ulemavu. Shule hazikuwahi kuwapokea, mwongozo haukuwataja, na walitoka nyumbani kwa sababu tu pikipiki ilifika karibu.

Mkoa ulipokea ripoti ya mistari miwili kwa kelele nyingi, kisha ukawataka wengine nao waandike hivyo. Uvumi haukwisha ila ulipungua makali. Wazazi walioziona orodha zikichomwa walilizungumzia jambo hilo zaidi ya maelezo yetu yote kuhusu saratani.

Mabinti wanaoishi na VVU walibaki nyuma. Kwao WHO inapendekeza dozi mbili kwa uchache, na tatu inapowezekana, lakini mwongozo wa nchi, ulipohamia dozi moja, ulihamisha kila mtu. Tulikubaliana kwamba muuguzi wa kliniki ya tiba na matunzo ya wenye VVU awachanje hukohuko, ili rejista zao zisitoke chumbani. Zahanati mbili zilifanya hivyo. Kwingine hadi naondoka dozi za nyongeza zilikuwa hazijaagizwa.

Uchambuzi

Wanaosoma visa kama hivi huwa wanatafuta sera mbovu. Hapa hapakuwa nayo. Maneno ya sera yalikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na binti yule angeweza kuyapeleka mahakamani. Yaliyomzuia yalikuwa ngazi tatu chini: mwongozo uliotaja njia moja, fungu lililolipia njia hiyo tu, na fomu ambayo haikuwa na pa kumwandika. Kila aliyeshughulikia karatasi hizo alifanya kazi yake vizuri. Sera husomwa siku ya uzinduzi, lakini fomu hujazwa kila siku, na muuguzi hupimwa kwa fomu. Ndiyo maana nikiitwa leo kushauri kuhusu sera yoyote ya afya ya wanawake, naomba nioneshwe fomu ya mwisho wa mwezi kabla ya hotuba ya waziri.

Lililosaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni kuhoji hesabu ya walengwa mapema. Tungeanza na uhamasishaji, ambao ndio huwa tunakimbilia, tungetumia mwaka mzima kuwaelimisha wazazi ambao tatizo lao halikuwa kukosa elimu. Binti yule hakuhitaji kuelimishwa umuhimu wa chanjo. Alikuwa na kadi inayothibitisha anauelewa kuliko wengi wetu.

Kutumia mkoba uliokuwepo kulitufikisha haraka, ila kuna gharama ambayo hatukuihesabu. Muuguzi mmoja, siku moja, sasa ana kazi mbili, na posho ni ileile. Kwenye zahanati zenye muuguzi mmoja, foleni ya watoto wachanga ilirefuka. Hilo lilipaswa kuwekwa mezani tangu mwanzo na wauguzi wenyewe, lakini sisi tuliwapelekea uamuzi ukiwa umekwisha kufanywa.

Kosa la orodha nataka nilieleze bila kulipaka rangi. Tulijua mabinti hawa ni dhaifu mbele ya sheria, ya familia na ya majirani. Ndiyo sababu tulikuwa tunawatafuta. Bado tukaweka safu ya "sababu", kwa kuwa takwimu zingependeza kwenye ripoti. Sababu haikuhitajika ili mtu achanjwe. Taarifa ambayo haimsaidii muuguzi kutoa huduma siku ile haikupaswa kuandikwa, na kwa binti aliyeolewa akiwa na miaka 14 taarifa hiyo ni hatari. Hatujui waliohamishwa kwa sababu yetu ni wangapi, wala kama waliko walifikiwa.

Udhaifu mwingine ni kwamba mabadiliko yote yalisimama juu ya nyongeza ya wilaya. Mwongozo wa taifa haukuguswa. Mratibu akihamishwa na anayemfuata asiipende ile hesabu, nyongeza inaweza kufia kwenye faili. Mfumo wa taarifa wa kompyuta, ambao wilaya haina uwezo wa kuubadili, uliendelea kudai umri wa 9 hadi 14 na kukataa kitu kingine chochote.

Hilo la kompyuta tulilijua kupitia binti yuleyule. Tulikuwa tumemtafuta bila kumpata. Alikuwa amehamia kwa shangazi yake, na sijui kama alihama kwa hiari au kwa sababu ya orodha zetu. Alirudi zahanati siku mwanawe alipotimiza miezi 9, kwa ajili ya chanjo ya surua, tarehe ileile iliyoandikwa kwenye kadi. Muuguzi alimtambua, akamuuliza lile swali, naye akajibu kwamba yeye mwenyewe ametimiza miaka 15 mwezi uliopita.

Muuguzi alimpigia mratibu. Safari hii mratibu hakutaka kusubiri maandishi. Alisema dozi moja inamfaa hata wa miaka 15, na kwamba aliyechelewa hapa si yeye. Binti akaelezwa faragha, akakubali, akachanjwa mkono wa kushoto huku mtoto akilia mkono wa kulia.

Jioni muuguzi alipoingiza taarifa, kompyuta iliukataa umri. Akajaribu tena, ikakataa. Ilibidi dozi ionekane imekwenda wapi, na safu iliyobaki ilikuwa moja tu. Kwenye ripoti ya mwezi ule, iliyoko hadi leo kwenye mfumo wa taifa, binti yule ameandikwa kama dozi moja iliyoharibika.